Walivyofukuzwa Watanuri wa Umezi

Nchi ya Umezi haina lango. Imezungukwa na ukuta laini, wenye mafutamafuta, na mtu akiuegemea tu unabonyea, unamzunguka, unafumba nyuma yake, naye yuko ndani tayari. Ndivyo alivyoingia Nambua Mshana, karani mstaafu wa usajili wa vizazi na vifo. Aliegemea ili afunge kamba ya kiatu. Alifikaje kwenye ukuta ule ni habari ndefu ya ramani mbovu na ubishi wake mwenyewe, nami sitawachosha nayo.

Sheria ya kwanza ya Umezi ni fupi: kilichoingia, kiliwe. Wasije wakasingiziwa, Wamezi hawana chuki na wageni. Wanawapenda sana, hasa wakiwa laini. Hata salamu yao inatokana na sheria hiyo. Wakikutana njiani mmoja humminya mwenzake mkono juu ya kiwiko na kusema, "Umenona," na mwenzake hujibu, "Nimenona, ila siliwi," kisha wanacheka na kila mtu anashika njia yake.

Nambua alipelekwa kwenye chumba kiitwacho Sebule. Kina viti vizuri, na kuta zake hutoka jasho kali la siki. Mhudumu alimwomba, kwa adabu nyingi, akae kwa starehe mpaka Ijumaa. Alipotazama chini akaona soli za viatu vyake zimeanza kulainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na hakuwahi kuogopa ofisi yoyote, kwa sababu maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa ofisi. Siku hiyo aliogopa.

Jioni yake akaja bwana mmoja mrefu, shingo ngumu, amekumbatia bunda la makaratasi. Huyu ndiye Bwana Zingo, Msimamizi wa Asili, ambaye kazi yake ni kujua nani ametoka wapi. Alikaa mbali kidogo na kuta, akauliza jina, umri, na kazi.

"Karani wa vizazi na vifo," Nambua akasema. "Miaka thelathini na mmoja. Nimesoma mwandiko wa wakunga, wa makatekista, na wa watendaji wa vijiji."

Bwana Zingo aliacha kuandika. Akachomoa karatasi moja iliyochorwa duara, na maandishi yake yanazunguka ukingoni bila mwanzo wala mwisho.

"Na huu je?"

Nambua aliigeuza karatasi taratibu, kama alivyozoea kuzigeuza kadi za kliniki ambazo wauguzi wakiishiwa na nafasi huandika kuzunguka pembeni. "Mbona ni mwandiko mzuri tu? Umezunguka, basi. Mganga wa zahanati ya kwetu aliandika vibaya kuliko huyu."

Basi Bwana Zingo akavuta kiti karibu, siki au si siki. Akaeleza kwamba katika Umezi wanaishi watu waitwao Watanuri, wanaojifanya wenyeji, na kwamba hiyo ni nakala ya maandishi yao. Hakuna Mmezi aliyeweza kuyasoma, kwa kuwa kujifunza mwandiko wa wageni ni aibu. Alhamisi Baraza lingekaa kuamua wafukuzwe au wasifukuzwe. Akitokea msomaji akathibitisha mbele ya Baraza kwamba hawa si wa hapa, msomaji huyo ataachiwa aende kwao, tena na viatu vipya.

"Na nisiposoma?"

"Ijumaa ipo," akajibu Bwana Zingo, na akamminya Nambua mkono juu ya kiwiko, bila haya.

Asubuhi alipewa ruhusa ya kwenda kulinganisha nakala na maandishi yenyewe. Njiani aliona maisha ya nchi ile yanavyokwenda. Kila Mmezi hutembea na kijungu cha udongo kiunoni, na ndani yake mna moto. Akiinua jiwe, moto unapungua. Akipanda ngazi, unapungua. Akiisha kutoa hotuba, umekwisha kabisa. Hapo hukikabidhi kijungu kitupu na kupokea kilichojaa, mara nyingi kwa siku, na vijungu vyote hivyo hujazwa kwa Watanuri. Kwenye foleni ya kujaziwa Nambua aliwasikia watu wakilalamika. Wanatoa moshi, alisema mmoja. Wanazaana bila kibali cha Baraza, alisema mwingine. Wa tatu alikuwa na la kusema zaidi, ila kijungu chake kilikuwa kitupu, akangoja kijazwe kwanza.

Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Wa nje ulikuwa laini na wenye mafuta, sawasawa na ukuta wa nchi. Wa ndani ulikuwa wa namna nyingine kabisa, umekunjwakunjwa, na katika kila kunjo kuna mtu anafanya kazi. Mama mwenye nyumba aliitwa Bi Joko. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto mpaka begani.

"Umetumwa?" akauliza.

"Nimetumwa."

"Na Zingo?"

"Na Zingo."

"Basi kaa, mwenzangu. Hapa kila mtu aliletwa kwa nguvu."

Alimpa maji, kisha akatoa sahani ya udongo yenye maandishi ukingoni. Maagizo thelathini na saba tu ya kazi ya moto, yanazunguka. Nambua aliyasoma yote kabla maji hayajaisha. Yalikuwa sawa na nakala, na kweli hayakufanana na chochote cha Umezi.

"Wanasema mlikaribishwa mkapitiliza," Nambua akasema.

Bi Joko alicheka mpaka akashika mbavu. "Tulikaribishwa? Bibi yetu wa kwanza alikuwa chakula cha mchana, dada. Wamezi walimmeza mzimamzima. Ule ukuta wa nje unaouona ni koo lao."

"Ikawaje asiyeyuke?"

"Sijui. Labda aliyemmeza alikuwa na kiungulia. Ila wakati ule hewa huko nje ilikuwa imegeuka sumu, inaunguza kila kitu, na Wamezi walikuwa wanakufa kwa mafungu. Bibi yetu alikuwa anaila hewa ileile, anapikia. Akaendelea kuila humohumo tumboni, na moto ukabaki. Mmezaji akaona amepata nafuu, akasema nitamla kesho. Hiyo kesho ndiyo tunayoishi mpaka leo."

Nambua aliuliza kwa nini hawakujaza fomu ya asili. Bi Joko akainuka, akaileta. Fomu ilikuwa na mistari miwili: babu mzaa baba, na babu wa huyo babu. Watanuri huhesabu akina mama peke yao. Bi Joko aliweza kuwataja mama kwa mama mpaka kwa yule aliyemezwa, bila kukosea hata mmoja, na karani wa Umezi alikuwa ameandika chini yake: hana ukoo.

Nambua aliisoma fomu ile mara mbili. Wilayani kwao, fomu iliyotumika ilikuwa na mistari hiyohiyo miwili. Alikuja ofisini kwake mzee mmoja wa mpakani, Buhoro, akitaka cheti ili mjukuu wake aandikishwe shule. Alimtajia mama saba, majina na mahali walipozikwa, na babu hakumjua. Nambua alimrudisha mara tisa. Mara ya kumi hakurudi, na Nambua alikuwa ameona kwamba kazi imepungua.

"Mbona sahani ni moja tu?" akauliza, ili aseme kitu.

"Zilikuwa zaidi ya elfu. Watu wa Hifadhi, wanaotunza maandishi ya nchi, walizichukua kidogokidogo, wakasema huku kuna moto, zitaungua. Na ni kweli, moto upo." Bi Joko alionyesha tanuri lake, dogo la kubebeka, na mlango wake wa chuma. "Sasa bawaba ya mlango huu ikivunjika, sina maandishi ya kutengenezea nyingine. Hifadhi wanasoma, mafundi wao wanatengeneza, wananiletea moja kila alfajiri. Tukitolewa nje, bawaba ya kwanza ikivunjika, tanuri limezimika. Na Mtanuri bila tanuri hana pumzi. Tutakufa sisi, na humu ndani watakufa wao."

"Umewaambia?"

"Nimeandikwa sina ukoo. Nani atanisikiliza?" Akamtazama Nambua usoni. "Na wewe wamekuahidi nini?"

"Viatu," akasema Nambua, na aliona aibu kweli.

Alhamisi Baraza likakaa. Mjumbe wa kwanza alieleza kwa saa nzima jinsi mababu wa Umezi walivyoishi bila Watanuri, wenye nguvu na afya njema. Hakueleza kwa nini walikuwa wanakufa. Mjumbe mmoja mkongwe alijaribu kukumbusha kwamba jirani zao wa Nchi ya Kijani waliwahi kumeza watu wanaopika kwa jua, wakawaacha hai, na tangu hapo hawajahangaika kutafuta chakula, wanasimama tu. "Ndiyo hasa!" akadakia mwenzake. "Wamesimama! Mmewahi kumwona hata mmoja wao akitembea?" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wakati wote huo wahudumu walikuwa wanapita kati ya viti wakibadilisha vijungu, na mjumbe aliyekuwa mkali kuliko wote dhidi ya Watanuri alimaliza vinne.

Nambua akaitwa. Kando ya kizimba Bwana Zingo alikuwa ameweka viatu vipya, vyeusi, namba yake hasa.

"Nimesoma," alisema. "Huu si mwandiko wa Umezi. Watanuri walitoka nje."

Makofi yalirindima tena. Bwana Zingo alimwonyesha kwa mkono kwamba yatosha, avae. Nambua aliviangalia vile viatu. Akaiona njia ya kwao, akaona na kibaraza chake na kuku wake. Moyo wake ulikuwa unamwambia vaa, mjinga wewe, vaa uende.

"Sijamaliza," akasema. "Naomba Kitabu cha Hifadhi."

Kitabu hicho ndicho fahari ya Umezi. Kinakaa katikati ya nchi, kwenye chumba chenye kuta zake zenyewe, na Wamezi huapa kwacho. Kililetwa kwa sababu wajumbe walitaka kuona kikisifiwa. Nambua alifungua sura ya kupika, akafungua sura ya kuhifadhi chakula, akafungua sura ya kutengeneza bawaba, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Hii yote ni ya mwandiko uleule," alisema. "Mmekata duara mkalinyoosha. Hapa hata pindo halijatoka vizuri. Kurasa mnazoishi nazo kila siku, nyingi mlizichukua kwa hao mnaotaka kuwafukuza. Kama wao ni wageni, basi hicho mnachoapa nacho nusu yake ni mgeni. Na mkiwatoa, moto unazimika. Wao watakufa nje, na ninyi humu."

Wajumbe wawili walisogeza mikono yao mbali na Kitabu. Ndipo Mheshimiwa Spika, mtu mnene mwenye sauti nzito, akasimama kutoa uamuzi ambao bado unafundishwa katika shule za sheria za Umezi. Alisema shahidi ni mgeni. Ushahidi wa mgeni hupokelewa pale unapokubaliana na wenyeji, na hukataliwa pale unapotofautiana nao. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya maneno yake ilikuwa kweli tupu, na nusu ya pili haikuwahi kusemwa. Watanuri wafukuzwe kesho asubuhi, na shahidi arudishwe Sebule, maana kesho ni Ijumaa.

Viatu viliondolewa.

Asubuhi Baraza zima lilihamia kando ya ukuta, na viti, na bendi ya matarumbeta. Nambua aliletwa peku, kwa sababu ilihitajika sahihi ya shahidi kabla hajaliwa. Watanuri walikuja kwa mstari, kila mmoja na tanuri lake kichwani, kwani Bwana Zingo alisisitiza waondoke na moshi wao. Bi Joko alisimama mbele yake.

"Umejaza kijungu, Bwana Zingo?"

"Nimejaza."

"Kimoja?"

"Pita, mama."

Ukuta ukabonyea, ukawatema mmoja mmoja. Bendi ikapiga. Mheshimiwa Spika akainuka, akajitanda vizuri joho lake. "Ndugu wananchi," alisema, "leo, kwa nguvu zetu wenyewe..."

Hakufika mbali zaidi. Alibaki kinywa wazi, mkono juu. Matarumbeta yakakoroma, yakanyamaza. Kijungu kimoja kikazimika, kikafuata kingine, na wajumbe wakaanza kuinamiana begani kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kushangaa. Ukuta wenyewe, ambao hata siku moja hawakujua kwamba unasimamishwa na moto uleule, ulikunjamana, ukashuka, ukaacha pengo pana la kupita mtu.

Nambua peke yake alikuwa amesimama. Hakulegea wala hakuhisi kizunguzungu. Kupitia pengo aliiona njia ya kwao, nyeupe, haina mlinzi. Alitoka. Pembeni ya njia Watanuri walikuwa wamelala chali. Upepo wa nje ulikuwa umepiga milango ya matanuri, bawaba zimekatika, moto unafifia. Bi Joko alikuwa amekaa, sahani yake kifuani, anahema kwa taabu.

"Nenda," Bi Joko akamwambia. "Umeshasema ukweli wako. Nenda kwenu."

Nambua alikwenda. Alikwenda hatua ishirini, au labda thelathini. Kisha alimkumbuka mzee Buhoro, ambaye na yeye aliondoka bila kumlaumu, na kumbukumbu hiyo ilimchoma. Akajitukana kwa Kipare, akageuka, akambeba Bi Joko mgongoni kama mzigo wa kuni, tanuri akaliburuta kwa mkono, akarudi kule ambako sheria ilisema aliwe.

Kwenye mlango wa nyumba ya kuta mbili kulikuwa na bawaba mpya, imewekwa juu ya kijamvi. Mafundi wa Hifadhi walikuwa wameileta alfajiri kama kawaida yao, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwapelekea barua ya kuacha. Katika nchi nzima ya Umezi, uzembe huo ndio uliokuwa tendo la busara la wiki ile. Nambua aliifunga bawaba. Bi Joko akapuliza, mara ya kwanza bure, mara ya pili bure, mara ya tatu moto ukashika. Wakajaza kijungu kimoja, wakampa fundi wa karibu, naye akasimama, akaanza kutengeneza nyingine. Mpaka adhuhuri Watanuri wote walikuwa wamerudishwa, isipokuwa wanne waliokwisha kukata roho njiani. Bi Joko aliwataja wanne hao kwa majina ya mama zao.

Ukuta uliponyanyuka, Mheshimiwa Spika alishusha mkono na kuendelea. "...tumeulinda moto wetu wa asili," alisema, na wajumbe wakapiga makofi kwa nguvu mpya.

Kikao kilipitisha maazimio matatu kabla ya chakula. Baraza lilijipongeza kwa kuurudisha moto. Siku ile ikafanywa sikukuu ya taifa, Siku ya Moto wa Asili, yenye matarumbeta. Na Watanuri wakapewa kibali cha muda cha kukaa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba wasiwataje wale wanne. Kuhusu Nambua, Bwana Zingo alimtazama kwa macho yasiyotulia. Alisema hakuna kumbukumbu yoyote kwamba mgeni huyo aliwahi kuingia nchini, kwa hiyo hawezi kuliwa. Afadhali aondoke kabla hajaandikwa.

Bi Joko alimsindikiza hadi ukutani, na akampa ndara zake mwenyewe.

"Hivi kwa nini hukulegea?" akauliza. "Wote walianguka. Wewe ulibeba mtu na tanuri."

"Sijui. Nimezaliwa na nguvu tu."

"Hakuna anayezaliwa na nguvu tu." Bi Joko aliweka kiganja juu ya kifua cha Nambua, akasikiliza kama mkunga, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Watanuri wamo humu. Wengi sana. Umewapata kwa mama yako, naye kwa mama yake. Ukifika kwenu, wasalimie watu wangu."

Mpakani kwao Nambua alimkuta afisa mmoja wa makamo, mstaarabu, na fomu mbele yake. Aliuliza babu mzaa baba, akaandika. Aliuliza babu wa babu, akaandika. Kisha akauliza swali la mwisho, bila kuinua kichwa: "Kuna mgeni yeyote umeingia naye?"

Nambua aliweka mkono kifuani. Palikuwa na joto.

"Andika wengi," akasema. "Wametoka upande wa mama."

Afisa alitafuta juu, akatafuta chini, akaigeuza karatasi nyuma. "Mama, upande huo hauna nafasi hapa," alisema kwa upole, akaandika hakuna, akagonga muhuri.

Nambua alifungua kinywa agombe. Kisha akaitazama vizuri ile fomu, mistari yake miwili iliyonyooka, na akakumbuka kwamba mistari ile aliipiga yeye mwenyewe, kwa rula, mwaka wake wa kwanza kazini.